Shajara ya Mradi: Kurejesha Chrysler C-300 ya Mwaka 1955

6 Aprili 2024

Gari limeshushwa kwenye trela leo saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba hapa Toledo, Ohio, baada ya kulala kwenye ghala la shambani Indiana kwa miaka mingi. Mimi na shemeji yangu tumeweka akiba kwa miaka minne ili tulipate, naye alichukua likizo ya kazi yake ya kuendesha malori ili awepo likiingia uani. Matairi yote manne hayana upepo, sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, na viti vimepoteza ngozi yake. Hata hivyo kioo cha mbele ni kizima, na grili, ile ambayo mchoraji Virgil Exner aliichukua kutoka Imperial, gari la kifahari la Chrysler, na kuipachika kwenye gari hili, haijavunjika hata jino moja.

Kabla ya kugusa bolti yoyote nilitafuta namba. Namba ya gari inaanza na 3N55, na ya injini, iliyogongwa mbele ya bloku, inaanza na 3NE55, na hizo ndizo alama zinazotakiwa. Nililitilia mkazo jambo hili kwa sababu Chrysler ilitengeneza C-300 zipatazo 1,725 tu mwaka ule, na New Yorker, gari jingine la Chrysler la mwaka huohuo, ina bodi inayofanana nayo sana na injini ya ukoo mmoja, hivyo mtu asiye mwangalifu anaweza kununua jina bila kitu chenyewe.

Jioni tulikaa kuzungumzia njia ya kufuata. Shemeji anataka umeme wa volti 12, breki za diski na kabureta moja ya kisasa, kwa hoja kwamba gari la kuendeshwa lazima liwe salama na liwake kila siku. Hoja hiyo siidharau. Mimi nilimwomba tulirejeshe kwanza kama lilivyotoka kiwandani, kisha tuamue tukiwa tumelijua. "Haya shemeji, wewe ndiye fundi," alisema, "lakini breki zikinitia shaka, sitalipanda." Tumekubaliana hivyo.

20 Aprili 2024

Rangi ya buluu iliyo juu ya gari si ya asili. C-300 ilitoka kwa rangi tatu tu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, na ndani ilivikwa ngozi ya hudhurungi hafifu bila chaguo jingine. Nilipong'oa mpira wa mlango wa buti nilikuta chini yake wekundu safi ambao jua halijapata kuugusa. Litarudi kuwa jekundu. Sakafu tumeikata na kuchomelea mabati mapya. Ni kazi ya kawaida kwa kila gari lililokaa katika nchi ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na sina la kuiongezea.

11 Mei 2024

Leo tumefika kwenye moyo wa gari. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nane: saba zilisoma kati ya pauni 118 na 131 kwa inchi ya mraba, na ya saba kutoka mbele ilisoma 64. Hedi, yaani vichwa vya chuma vinavyoziba silinda kwa juu, zikang'olewa. Hedi moja ya injini hii ni mzigo wa watu wawili, na nasisitiza hivyo kwa sababu niliwahi kumwona kijana mmoja akiumia mgongo kwa kuibeba peke yake.

Inafaa nieleze kwa nini hedi hizi ni nzito, kwa kuwa uzito huo ndio bei ya nguvu yenyewe. Chumba cha kuchomea mafuta kimechongwa kama nusu ya tufe, na ndiyo maana watu huiita Hemi. Katika injini nyingi za wakati ule vali ya kuingiza na ya kutoa zilisimama kando kwa kando katika mstari mmoja, zikibanana, na hewa ililazimika kupinda ili iingie na kupinda tena ili itoke. Hapa vali mbili zimeinamiana kutoka pande mbili za kuba, kila moja ikiwa na nafasi ya kuwa pana, na plagi imekaa karibu na kitovu. Hewa inaingia upande mmoja na moshi unatoka upande wa pili karibu kwa mstari ulionyooka. Tena kuba lina eneo dogo la chuma ukilinganisha na ujazo wake, hivyo joto kidogo hupotelea kwenye kuta na kingi hubaki kusukuma pistoni.

Gharama yake ni vipuri. Kwa kuwa vali zimetazamana, kila hedi inahitaji shafti mbili za roka (vyuma vinavyobonyeza vali zifunguke) badala ya moja, na pushirodi (vijiti vinavyosukuma roka) za kuingiza na za kutoa zinatofautiana urefu, kwa hiyo nimezipanga kwenye ubao wenye matundu kumi na sita, kila moja na jina lake. Plagi zenyewe zinapita katikati ya kifuniko cha vali kwa mirija mirefu yenye mpira wa kuzuia oili, na mipira hiyo ikichoka oili hujaa kwenye mirija mpaka plagi zinaogelea. Zetu zilikuwa zimeogelea.

Chrysler walianza kuifanyia majaribio dhana hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipotengeneza injini ya ndege ya silinda 16 ambayo haikuwahi kutumika vitani. Mwaka 1951 wakaileta barabarani kwa jina la FirePower, inchi za ujazo 331, yaani takriban lita 5.4, ikitoa nguvu za farasi 180. Mwaka 1954 ilikuwa imefika 235, na New Yorker ya 1955 ilikuwa na 250. Kisha mhandisi Bob Rodger akaichukua injini ileile, akaipa kabureta mbili za Carter za midomo minne kila moja, kemshafti (shafti yenye migongo inayoamua vali zifunguke lini) yenye tabia ya mashindano na tapeti ngumu (vipande vinavyokaa kati ya kemshafti na pushirodi), nayo ikatoa farasi 300 kwa mizunguko 5,200 kwa dakika. Jina la gari limetokana na hesabu hiyo. Ni kweli kwamba viwanda vya wakati ule vilipima injini ikiwa peke yake kwenye meza, bila mizigo inayoibeba ndani ya gari, kwa hiyo 300 hizo si sawa na 300 za leo. Hata hivyo hakuna gari jingine la kiwandani la Marekani lililotangaza nguvu nyingi hivyo mwaka 1955.

25 Mei 2024

Nimepata jambo lililoninyima usingizi. Roka za gari hili hazina skrubu za kurekebisha.

C-300 ilikuwa na tapeti ngumu, yaani kipande cha chuma kisichojaa oili, na tapeti ngumu lazima iachiwe nafasi ndogo inayopimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kurekebishwa kwa skrubu iliyo kwenye roka. New Yorker ilikuwa na tapeti za haidroliki, ambazo hujirekebisha kwa presha ya oili na hazihitaji skrubu. Nilipozitoa tapeti zetu nilikuta ni za haidroliki, na kemshafti iliyo chini yake ina migongo ya upole. Mtu fulani, katika gereji ambayo siijui, alichoka kurekebisha vali kila baada ya maili kadhaa, akaondoa matumbo ya C-300 na kuweka ya New Yorker. Namba mbele ya bloku inasema ukweli, ila ndani tumenunua farasi 250.

Tofauti si ya kelele tu. Tapeti ya haidroliki injini ikizunguka kwa kasi sana hujaa oili kupita kiasi na kuishikilia vali isikae kitini mwake, na hapo nguvu huporomoka ghafla. Tapeti ngumu haina tatizo hilo. Hubisha na kulalamika kila asubuhi, lakini inaifuata kemshafti mpaka juu kabisa. Mjomba wangu, aliyenifundisha kazi hii Tanga kwenye malori ya Bedford, aliweka ncha moja ya kijiti cha mti kwenye kifuniko cha vali na ncha nyingine sikioni, akakwambia ni tapeti ipi iliyolegea. Kijiti kama kile nimeshajichongea.

22 Juni 2024

Bloku imerudi kutoka kwa fundi mchonga vyuma. Silinda zimepanuliwa inchi 0.030, pistoni mpya zimefika, na silinda ya saba, iliyokuwa na mfereji uliochimbwa na pete iliyovunjika, imekuwa laini kama nyingine. Hedi zimepewa viti vipya vya chuma kigumu upande wa vali za kutoa, kwa sababu petroli ya 1955 ilikuwa na madini ya risasi yaliyolinda viti hivyo na ya leo haina. Huo ni mmoja wa mabadiliko machache niliyoyakubali bila mjadala, kwani mafuta yamebadilika na chuma lazima kijibu.

13 Julai 2024

Kemshafti iliyosagwa kwa umbo la C-300, tapeti ngumu na seti kamili ya roka zenye skrubu zimewasili, roka zikitoka kwa mwenye gari kama hili katika jimbo la mbali aliyekuwa na akiba. Zimenigharimu zaidi ya pistoni. Shemeji aliuliza kama ilikuwa lazima, na nilimjibu kwa kumsimulia habari za mchanga wa Daytona.

Februari 1955, kwenye ufukwe wa Daytona, Florida, C-300 ilikimbia maili moja kwa wastani wa maili 127.58 kwa saa, yaani kilomita 205, ikiwa gari la watu sita lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,800. Katika mbio za ufukweni za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani, juma hilohilo dereva Tim Flock, akiwa na C-300, alimaliza wa pili nyuma ya Buick ya Fireball Roberts, lakini Buick ile ilipofunguliwa na wakaguzi ikakutwa pushirodi zake zimebadilishwa, ikaondolewa, na ushindi ukahamia kwa Flock. Kipande kidogo ndani ya hedi kiliamua mashindano. Carl Kiekhaefer, mwenye kiwanda cha injini za mashua za Mercury na mmiliki wa gari la Flock, aliwavalisha mafundi wake sare na kuyasafirisha magari ndani ya malori yaliyofunikwa wakati wenzake wengi waliyavuta nyuma ya magari mengine. Mwaka ule Flock alishinda mbio 18 na ubingwa, yeye ambaye mwaka 1952 alikuwa bingwa kwa Hudson Hornet ya silinda sita. Mwaka uliofuata Buck Baker alichukua ubingwa kwa timu hiyohiyo.

Gari hilo ndilo ninalolitaka, si umbo lake tu. Shemeji alisikiliza, akachukua fila geji na kuanza kunisaidia kupima.

17 Agosti 2024

Tumetumia wiki tatu kwenye breki, na naandika kwa urefu kwa kuwa hapa ndipo shemeji aliweka sharti lake.

Kwanza magurudumu. Bolti tatu za upande wa kushoto zilikuwa zimekatika, na nyingine mbili zimeliwa meno. Chrysler ya miaka hiyo hufungwa kwa bolti na si nati, na zile za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume: hukaza kwa kuzungusha kushoto na kulegea kwa kuzungusha kulia. Zina herufi L usoni. Mtu fulani hakuisoma herufi hiyo, akaning'inia kwenye spana mpaka chuma kikakatika, kisha gari likasingiziwa kuwa na bolti dhaifu.

Drami za nyuma, yaani ngoma za breki, ni shughuli ya subira. Ekseli ina ncha iliyopunguzwa unene kama penseli, na drami hukaa juu ya ncha hiyo kwa kubanwa na nati na kushikwa na ufunguo mdogo wa chuma. Hazitoki kwa kugonga. Inatakiwa pula nzito (kifaa cha kuvutia) inayoshika matundu ya bolti za gurudumu, nati irudishwe kwenye ncha nyuzi chache ili drami isiruke, kisha pula ikazwe na kuachwa. Ya kulia ilitoka baada ya saa sita. Ya kushoto ilikaa chini ya mkazo usiku kucha, na alfajiri tulisikia mlio kama wa bunduki kutoka bandani. Nawasihi wenye magari haya wasiondoe ile nati. Drami hiyo ingepasua mlango.

Shuu za zamani, yaani vipande vinavyobana drami kwa ndani, zina asbestosi, hivyo tulilowesha vumbi lote kwa maji ya sabuni na kulifuta tukiwa na barakoa, bila kulipuliza.

Breki za mbele kila moja ina silinda ndogo mbili, moja kwa kila shuu, ili shuu zote mbili ziburutwe na drami kuelekea mzunguko wake na kujikaza zenyewe. Ni mpango wenye nguvu, ila unadai kila shuu iwekwe katikati ya drami kwa vishikio vyake vya chini na vya juu, na bila geji yake watu wengi hukisia. Zetu zilikuwa zimekisiwa: ncha za juu zimelika mpaka chuma na ncha za chini zina rangi ya kiwandani. Zimewahi kugusa drami kwa robo ya urefu wake tu, na bila shaka aliyeendesha alisema breki za gari hili hazifai. Nilisaga kila shuu ifuate mviringo wa drami yake, nikatengeneza geji kwa bamba la chuma na kuzipanga tena zote. Mabomba ni mapya, masta silinda ni mpya.

Breki ya mkono haiko magurudumuni. Ni drami ndogo nyuma ya giaboksi, inayoshika shafti ya kuelekea kwenye difu. Haifai kuvutwa gari likiwa mwendoni. Lakini ni lazima iwe nzima, kwa sababu giaboksi ya PowerFlite, otomatiki ya gia mbili, haina nafasi ya kuegesha kama otomatiki za leo. Ukizima injini kwenye mteremko, drami hiyo ndiyo pekee inayolishikilia gari. Nimeipa shuu mpya na kebo mpya.

14 Septemba 2024

Umeme. Gari ni la volti 6, na ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye chasisi. Nilikuta imefungwa ncha hasi, kwa nyaya nyembamba zilizonunuliwa kwa ajili ya gari la volti 12.

Makosa hayo mawili yanatosha kueleza sifa yote mbaya ya volti 6. Ili kupata nguvu ileile kwa nusu ya volti, mkondo lazima uwe maradufu, na mkondo maradufu katika waya uleule hupoteza nguvu mara nne kwa joto. Waya mwembamba ukashika moto, stata ikazunguka kwa uvivu, na watu wakasema ni volti. Kuhusu ncha, koili ya plagi ikipewa umeme kinyume hutoa cheche inayoruka kutoka upande usio moto wa plagi, nayo huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Nimeweka nyaya nene kama kidole gumba, nimekwangua rangi kila mahali waya unaposhika chasisi, nimegeuza betri na kuirudishia dainamo mwelekeo wake. Nyaya za plagi nimezipanga 1-8-4-3-6-5-7-2.

Stata sasa inazunguka kwa sauti nzito, isiyo ya haraka, lakini haisiti.

5 Oktoba 2024

Imewaka. Nilitia oili yenye zinki ya kutosha, kwani kemshafti na tapeti ngumu husuguana chuma kwa chuma na oili nyingi za leo zimepunguziwa kinga hiyo. Nilizungusha pampu ya oili kwa drili mpaka oili ikatiririka kwenye roka zote kumi na sita. Kisha shemeji akaingia, mimi nikabaki na kabureta. Ilishika kwa jaribio la pili na tukaishikilia mizunguko 2,000 kwa dakika ishirini bila kuiachia, kama inavyotakiwa kwa kemshafti mpya. Presha ya oili ilisimama imara. Mlio wa tapeti ulikuwa mwepesi na sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila hedi, na niliyasikia yote kwa kijiti cha mti.

Baada ya kupoa, vali zote zilipimwa tena. Nne zilikuwa zimebana kidogo.

19 Oktoba 2024

Kabureta mbili zilikataa kuafikiana kwa siku tatu. Ya nyuma ilimimina mafuta na ya mbele ilikufa njaa, na kila nilipokaza moja nyingine ililalamika. Chanzo kilikuwa boya lililopasuka na kunywa petroli. Nikalibadilisha, nikaweka vipande vya mpira visivyodhurika na ethanoli iliyomo katika petroli ya sasa, nikapima uvutaji wa kila moja kwa geji mpaka zikawa sawa. Sasa injini inanguruma chini bila kutetemeka.

Saa tisa alasiri tulitoka, tukitumia namba za usajili za muda. Nilianza kwa barabara tupu nyuma ya mtaa, nikishika breki kumi kutoka mwendo wa maili 30. Gari lilisimama sawa mara zote kumi, bila kuvuta upande. Ndipo shemeji akapanda.

Tuliendesha maili 11. PowerFlite inabaki kwenye gia ya chini kwa muda mrefu, injini ikipanda na kupanda, na pale ambapo injini ya New Yorker ingeanza kuchoka hii ilivuta upya kana kwamba mtu ameisukuma kwa nyuma. Spidomita imeandikwa mpaka 150. Sisi tuliishia 65. Chemchemi ni ngumu kuliko nilivyotarajia kwa gari la ukubwa huu, na kwenye kona halilali. Joto la maji halikupita katikati ya kipimo. Tulipozima kwenye kituo cha mafuta na kuwasha tena injini ikiwa moto, stata ya volti 6 iliichukua mara moja.

Yaliyobaki: rangi nyekundu na ngozi za viti zitasubiri majira ya kuchipua, mpira wa mrija wa plagi ya sita unavuja kidogo, na breki ya nyuma kushoto inahitaji kurekebishwa robo mzunguko.

Tuliporudi uani nilileta spana ya kukazia magurudumu, kwa kuwa bolti mpya lazima zikaguliwe baada ya mwendo wa kwanza. Shemeji aliichukua mkononi mwangu, akazunguka upande wa kushoto wa gari, akapiga goti na kuikaza bolti ya kwanza kwa kuzungusha kushoto.